Nani Alikuruhusu Kufungua Folda Hii?

Ukitaka kujua nani ana nguvu ndani ya ofisi, omba uoneshwe orodha ya nani anaweza kufungua folda gani kwenye seva. Chati ya uongozi iliyobandikwa mapokezi itakutajia mkurugenzi na wakuu wa idara. Ile orodha itakuonesha kwamba dereva aliyewahi kumshikia kazi karani wa stoo, mwenzake alipokuwa likizo ya uzazi, mpaka leo anaweza kufuta hesabu za stoo. Itakuonesha kwamba mkurugenzi hajafungua hata robo ya folda alizodai apewe. Na itakuonesha akaunti inayoitwa temp2, yenye uwezo kuliko binadamu wote wa jengo zima, ambayo kila ukiuliza iliundwa na nani watu wanabaki kutazamana.

Nimekuwa mtu wa IT kwenye ofisi za namna hii kwa muda mrefu. Nyingi ni kampuni za uwakala wa forodha na usafirishaji upande wa Kurasini na Posta, Dar es Salaam, zenye kompyuta kama 50 au 100, seva moja au mbili kwenye chumba chenye kiyoyozi kinachovuja, na kijana mmoja anayeitwa kwa kila jambo kuanzia wino wa printa hadi kamera za getini. Wengi hudhani kazi yetu ni nyaya. Nyaya ni sehemu ndogo, tena ndiyo tamu, kwa sababu waya hauna cheo. Kazi ngumu ni kuamua nani aingie wapi, na hapo ndipo unapokutana na undugu, umri, ukubwa, na nani amemnunia nani tangu kikao cha bajeti.

Kwa wasioijua domeni, nieleze kidogo. Kompyuta isiyo kwenye domeni inatunza majina na paswedi zake yenyewe. Ofisi yenye kompyuta 60 ina orodha 60 za watumiaji, na mfanyakazi akihama meza inabidi aundiwe akaunti upya huko alikohamia. Kwa duka la vipuri la Kariakoo lenye kompyuta nne hilo halina shida, na simshauri mwenye duka anunue seva. Ukishavuka 20 au 30 utachoka. Domeni inaziondoa orodha hizo zote na kuweka moja tu kwenye seva, na kompyuta zote zinakubali kuiamini. Upande wa Windows orodha hiyo inaitwa Active Directory na ilikuja pamoja na Windows 2000. Asiyetaka kulipia leseni za seva za Microsoft anaweza kutumia Samba, programu ya bure, juu ya Linux, ambayo tangu toleo la 4.0 la Desemba 2012 inaweza kuendesha domeni ya aina hiyohiyo. Siku hizi ofisi nyingi zinahamishia orodha hiyo kwenye wingu, kwenye kile ambacho Microsoft mwaka 2023 waliamua kukiita Entra ID. Jina limebadilika, matatizo nitakayosimulia hapa yamehama nalo.

Wengi hawajui kwamba kompyuta nayo ni mwanachama wa domeni, sawa na mtu. Ina akaunti yake na ina paswedi yake, ambayo kwa kawaida inaibadilisha yenyewe kila siku 30 bila kumwambia mtu. Ndiyo maana fundi akirudisha kompyuta kwenye nakala ya miezi mitatu nyuma, kompyuta inawaka vizuri, kila kitu kipo, ila mtu akijaribu kuingia anaambiwa uaminifu kati ya kituo hiki na domeni umevunjika. Kompyuta inataja paswedi ya zamani, seva inaijua mpya. Dawa yake ni amri moja ya PowerShell, dirisha la amri la Windows, lakini nimekuta ofisi ambazo kila likitokea hilo Windows inawekwa upya, na mtu anapoteza siku nzima.

Jingine: Active Directory, ilivyo kiwandani, inamruhusu mtumiaji yeyote wa kawaida kuingiza hadi kompyuta 10 kwenye domeni. Yeyote, hata aliyeajiriwa jana kupokea simu. Ukiingia ofisi mpya, punguza namba hiyo iwe sifuri kabla hujanywa chai. Vinginevyo utakuta laptop ya mtoto wa mtu imejiunga na domeni ya kampuni kwa sababu baba yake alitaka printa.

Halafu kuna mafundi wa kupita. Intaneti ikiwa nzito, mtu anamwita fundi anayemfahamu, naye anaingia kwenye mipangilio ya mtandao na kuandika 8.8.8.8, anwani ya Google, mahali pa DNS, ile huduma inayogeuza majina ya kompyuta kuwa anwani zake. Kwa muda wa nusu saa ni shujaa. Kesho yake kompyuta haioni folda za pamoja, haipati sera mpya, yaani mipangilio inayotumwa na seva, na kuingia kunachukua dakika kadhaa skrini ikizunguka. Kompyuta ya domeni huitafuta seva yake kwa kuuliza DNS ya ndani: ni nani hapa anayeshughulikia domeni hii? Ukiielekeza kwa Google, Google haiijui ofisi yenu. Malalamiko mengi ya "seva imekufa" niliyowahi kuitiwa yaliisha kwa kufuta hizo nane nne.

Na saa. Active Directory inamtambua mtu kwa Kerberos, itifaki iliyozaliwa chuo kikuu cha MIT, Marekani, miaka ya 1980 kwenye Mradi wa Athena, mradi wa kompyuta za chuo hicho. Ukishaandika paswedi yako asubuhi, seva inakupa tiketi ya kuanzia, kwa kawaida ya muda wa saa 10, na tiketi hiyo ndiyo inayokuombea tiketi nyingine ndogo kila unapotaka folda, printa au barua pepe. Hurudii kuandika paswedi siku nzima. Ila tiketi ina muda ulioandikwa juu yake, hivyo pande zote mbili lazima zikubaliane saa ngapi sasa. Kerberos huvumilia tofauti ya dakika 5, ikizidi hapo huanza kukataa. Sasa chukua kompyuta ambayo betri yake ndogo ya ubaoni imekufa, umeme ukatike usiku, asubuhi iamke ikiamini huu ni mwaka ilipotengenezwa. Mwenye kompyuta anaapa paswedi yake ni ileile, na ni kweli. Betri hiyo ya duara inauzwa bei ya maandazi mtaa wowote wenye mafundi saa.

Hayo ni ya mitambo, na mitambo haikasiriki. Tuje kwenye ruhusa.

Kosa ninalolikuta karibu kila ofisi ninayoingia ni ruhusa kutolewa kwa mtu. Dada fulani anahitaji folda ya ankara, msimamizi anabofya folda, anaandika jina la dada, anabofya sawa. Haraka, na dada anashukuru. Miaka miwili baadaye dada amehamia masoko, folda ya ankara bado ina jina lake, na ya masoko pia. Fanya hivyo kwa watu 80 na folda 300 halafu mkaguzi wa nje aulize swali dogo tu: mtu huyu anaweza kufungua nini? Hakuna atakayejibu, kwa sababu jibu limetawanyika kwenye folda 300 na hakuna mahali lilipoandikwa pamoja.

Utaratibu unaofaa una ngazi zaidi, na vijana wakiuona mara ya kwanza hulalamika kwamba ni urasimu. Mtu anaingizwa kwenye kundi la kazi yake: Wahasibu, Matamko ya Forodha, Madereva. Pembeni kunaundwa makundi ya ruhusa, kila moja na folda yake na uwezo wake: ankara kusoma, ankara kuandika, mikataba kusoma. Kisha kundi la kazi linaingizwa ndani ya kundi la ruhusa, na kwenye folda yenyewe halionekani jina la mtu hata mmoja. Anapohama mtu, unamtoa kundi moja unamtia jingine, basi. Folda haiguswi. Na mkaguzi akiuliza, unafungua jina la mtu, makundi yake yanajisomea kama mistari ya mkataba wa ajira.

Urasimu huo unalipa siku ya kwanza mtu anapopandishwa cheo. Ugumu wake ni kwamba unamlazimisha bosi ajibu swali asilolipenda: kazi ya mtu huyu hasa ni ipi? Nimeshaona kikao cha kuunda makundi ya domeni kikigeuka kikao cha nani anaripoti kwa nani. Wakuu wa idara wawili walikuwa wakimtuma karani mmoja kwa miaka, kila mmoja akiamini ni wake. Domeni ikataka karani awe na kundi lake, na hapo ndipo likaibuka. Sikuwa na la kusema, nikafunga laptop na kusubiri.

Kuna jambo la kuwaeleza watu tena na tena. Uanachama wa makundi husomwa mtu anapoingia, si anapofungua folda. Kwa hiyo mazungumzo haya yatakukuta tu:

"Kaka, umesema umenipa, mbona inanikataa?"

"Toka kwanza, halafu uingie tena."

"Nimeshatoka."

"Umefunga skrini au umetoka?"

Kimya. Kisha sauti ya kiti kikisogezwa.

Kwenye folda zenyewe kuna mitego miwili mitatu iliyowazeesha wengi. Folda ya pamoja ina ruhusa za aina mbili, za mlango wa mtandaoni na za diski yenyewe, na mtu anayepitia mtandaoni hupata ile iliyo finyu zaidi kati ya hizo mbili. Ndiyo maana unampa mtu uwezo wote kwenye diski naye anaendelea kusoma tu. Wengi wetu tumeamua kuuacha mlango wa mtandaoni wazi kwa waliothibitishwa na kubana kila kitu kwenye diski, ili pawe na mahali pamoja pa kutafuta kosa.

Mtego wa pili ni kuhamisha. Ukinakili faili kwenda folda nyingine, nakala inachukua ruhusa za folda mpya. Ukilihamisha ndani ya diski ileile, linaondoka na ruhusa zake za zamani. Mkuu wa utumishi anaburuta faili la maonyo ya wafanyakazi kutoka folda ya pamoja kwenda kwenye folda yake ya siri, anapumua, na faili limekwenda na ruhusa zake zilezile za kusomwa na wote. Jengo zima bado linaweza kulisoma likitafutwa kwa njia yake kamili. Nimelazimika kulieleza hili mara nyingi kwa watu wenye hasira, nao hawaamini mpaka waoneshwe.

Wa tatu ni kukataza. Windows ina ruhusu na ina kataza, na kataza iliyoandikwa moja kwa moja inashinda ruhusu. Msimamizi mwenye haraka anaona ni rahisi: wahasibu wote waingie, isipokuwa fulani, basi fulani akatazwe. Miezi mitano baadaye fulani anakuwa mhasibu mkuu, anaingizwa kwenye kila kundi, na bado mlango umefungwa, na aliyeandika lile katazo ameshahamia Dodoma. Mimi kataza situmii kabisa, nikiweza. Kama kundi lina mtu asiyestahili kuingia, kundi hilo limeundwa vibaya.

Katika mipangilio yote niliyowahi kuwasha, uliopunguza ugomvi kuliko mingine ni ule unaoficha folda ambazo mtu hana ruhusa nazo. Kabla ya hapo mfanyakazi anafungua diski ya pamoja, anaona folda imeandikwa MISHAHARA, anabofya, anakataliwa. Kukataliwa kunauma. Anakwenda kumuuliza mhasibu, anamuuliza mkuu wake, anauliza kwa nini fulani ameruhusiwa na yeye hapana. Ukiuwasha ule mpangilio, kila mtu anaziona folda zake tu. Usalama haujaongezeka hata kidogo, kwani aliyekatazwa alikuwa amekatazwa tangu mwanzo, lakini maswali ya mishahara yaliisha wiki hiyohiyo.

Ruhusa kwa kweli ni heshima. Hilo halimo kwenye mafunzo ya Microsoft, ila lipo kwenye kila ofisi niliyofanya kazi. Mkuu wa idara akisikia msaidizi wake ana folda ambayo yeye hana, ataitaka, hata kama inahusu vipimo vya makontena ambavyo hatavisoma maisha yake yote. Na mkurugenzi, mwenye kampuni yake, ataomba kitu kimoja: apewe uwezo wote. "Kampuni ni yangu, kwa nini kompyuta iniulize?" Ni swali la haki na linastahili jibu la adabu.

Jibu langu lina asili ya zamani. Mwaka 1975 Jerome Saltzer na Michael Schroeder waliandika kanuni za kulinda taarifa ndani ya kompyuta, na mojawapo ilikuwa kwamba kila mtumiaji na kila programu ifanye kazi kwa uwezo mdogo kabisa unaotosha kazi yake. Saltzer huyohuyo baadaye aliusimamia Mradi wa Athena upande wa ufundi, ule ulioleta Kerberos. Lakini mkurugenzi wa Kurasini huwezi kumshawishi kwa Saltzer. Ninachomsimulia ni habari ya Maersk, kampuni ya meli ya Denmark, kwa sababu makontena yao anayaona kila siku kupitia dirishani.

Tarehe 27 Juni 2017 programu haribifu iliyokuja kuitwa NotPetya ilitoka Ukraine, ikipitia masasisho ya programu ya uhasibu inayotumika sana huko, M.E.Doc. Ilikuwa na njia mbili za kusambaa. Ya kwanza ilikuwa udhaifu wa Windows ambao kiraka chake, yaani sasisho la kuuziba, kilikuwa kimeshatoka. Ya pili ndiyo inayotuhusu: ikishaingia kwenye kompyuta moja, ilichokora kumbukumbu yake kutafuta vitambulisho vya watu walioingia hapo. Ikimkuta mtumiaji wa kawaida, inapata uwezo wa mtumiaji wa kawaida. Ikimkuta msimamizi wa domeni, inakuwa msimamizi wa domeni, na kuanzia hapo hakuna kompyuta ya kampuni inayoweza kuikatalia. Viraka vyako vyote havina maana tena, kwa sababu inaingia kwa mlango wa mbele ikiwa na ufunguo halali.

Maersk ilisimama dunia nzima. Seva za domeni zao, kama 150 hivi, zilikuwa zikinakiliana zenyewe kwa zenyewe, kila moja ikiwa akiba ya nyingine, na mpango huo haukuwaza siku ambayo zote zingefutwa kwa pamoja. Zilifutwa. Nakala za programu na data nyingine zilikuwepo, ila bila orodha ya nani ni nani na nani aruhusiwe nini hazikuwa na wa kumfungulia. Mpaka ikapatikana seva moja nzima kwenye ofisi yao ya Ghana. Umeme ulikuwa umekatika huko kabla ya shambulio, seva ikawa imezimwa, na ikaponea hapo. Laini ya intaneti ya huko ilikuwa nyembamba mno kuituma data hiyo Uingereza kwa wakati, na wafanyakazi wa Ghana hawakuwa na viza ya Uingereza, hivyo mmoja wao akapanda ndege hadi Nigeria, akamkabidhi mwenzake diski uwanjani, naye huyo akaendelea nayo hadi London. Mwenyekiti wa kampuni wakati huo, Jim Hagemann Snabe, alisema baadaye kwenye mkutano wa uchumi wa dunia kule Davos kwamba waliweka upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 ndani ya siku 10. Hasara yao wenyewe waliikadiria kuwa kati ya dola milioni 250 na 300.

Mkurugenzi akisikia habari ya kukatika umeme kuokoa kampuni hucheka sana. Akimaliza kucheka namwambia: ukiwa na uwezo wote kwenye akaunti unayofungulia barua pepe, kiambatisho kimoja kibaya kinapewa uwezo wote. Kwa hiyo tunakubaliana kwamba akaunti yake ya kila siku iwe ya kawaida, inayosoma ripoti zote za kampuni. Na mimi pia. Akaunti yangu ya usimamizi siiingizi kwenye kompyuta ya mapokezi, hata pale printa inapogoma na wageni wamekaa, kwa sababu kumbukumbu ya kompyuta ile inaweza kubaki na nilichokiacha. Kwa kazi za kompyuta moja moja natumia akaunti ya ndani ambayo kila mashine ina paswedi yake tofauti. Microsoft wana chombo cha hilo, LAPS, kilichotoka 2015 bila malipo na tangu 2023 kimo ndani ya Windows yenyewe. Ofisi nyingi bado zina paswedi moja ya ndani kwenye kompyuta zote, na mara nyingi ni jina la kampuni likifuatiwa na 123.

Kwa kuwa nimetaja paswedi, niliseme hili kwa haraka. Kulazimisha watu wabadili paswedi kila mwezi ni mazoea yaliyopitwa na wakati. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliacha kuyapendekeza mwaka 2017 na Microsoft wakayaondoa kwenye mapendekezo yao mwaka 2019. Kila mwezi watu wanaongeza namba moja mwishoni, au wanaandika kwenye karatasi chini ya kibodi. Paswedi ndefu isiyobadilishwa bila sababu, pamoja na uthibitisho wa pili kwenye simu, inatosha. Mkaguzi mwenye orodha ya zamani atakubishia. Mwache abishe, umwoneshe waraka.

Kuondoka kwa watu ndiko kunakonikosesha usingizi kuliko virusi. Mtu mpya akija, idara nzima inanikumbusha: hana akaunti, hana barua pepe, amekaa tu. Mtu akiondoka, hakuna anayeniambia. Namkosa kantini, nauliza, naambiwa "aah, huyo si aliacha kazi mwezi uliopita?" Mwezi mzima akaunti yake iko hai. Novemba 2017 mfanyakazi wa huduma kwa wateja wa Twitter, siku yake ya mwisho kazini, aliizima akaunti ya rais wa Marekani aliyekuwa madarakani kwa dakika 11. Kampuni ya teknolojia hiyo, yenye wataalamu wote hao.

Dawa niliyoiona ikifanya kazi iko nje ya kompyuta. Ofisi zetu zina fomu ya kuondokea, ile inayozungushwa kwa wahasibu, stoo na usafirishaji kabla mtu hajalipwa stahiki zake. Omba sanduku moja liongezwe humo kwa ajili ya IT. Hakuna atakayeondoka bila kupita kwako, kwa sababu hakuna anayeacha hela yake.

Mtu akishapita, akaunti inazimwa, haifutwi. Kila akaunti nyuma yake ina namba ya utambulisho isiyorudiwa, na ruhusa zote hufungwa kwenye namba hiyo, jina ni la sisi kusoma tu. Ukifuta akaunti ya Juma kisha ukamwundia Juma mwingine yenye jina lilelile, kwa seva huyo ni mgeni kabisa. Na kwenye folda zako utabaki na mistari inayoanza na S-1-5-21, namba za watu waliokwisha kuondoka, usijue ni za nani. Ujue pia kwamba kuzima si kukata papo hapo. Tiketi za Kerberos alizoshika mtu zinaweza kumhudumia mpaka muda wake uishe, na laptop iliyoko nyumbani kwake, bila mtandao, itaendelea kumfungulia, kwa sababu Windows hutunza kumbukumbu ya walioingia hivi karibuni, kwa kawaida hadi 10. Kwa anayeondoka kwa ugomvi, laptop irudi kwanza, barua ya kuachishwa ifuate.

Sheria nayo sasa ina la kusema. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, na Wakenya wanayo yao tangu 2019. Folda ya utumishi yenye nakala za vitambulisho vya NIDA, fomu za hospitali na majina ya wategemezi si mali ya kuachwa wazi kwa jengo zima. Mwajiri akiulizwa nani aliweza kuziona, "kila mtu" ni jibu litakalomgharimu.

Kwa hiyo nilianzisha mapitio. Kila robo mwaka natoa orodha: folda ya idara yako hii, wanaoweza kuiona ni hawa, wanaoweza kuiandika ni hawa. Mwanzoni niliituma kwa barua pepe na haikujibiwa na yeyote. Nikaichapisha kwenye karatasi, nikaweka chini mstari wa jina, sahihi na tarehe, na pembeni nafasi ya muhuri. Ikarudi yote siku hiyohiyo. Mtu hujibu kile atakachoulizwa akiwa amekitia sahihi. Mhasibu mkuu, mama wa makamo ambaye siku zote namsalimia shikamoo kabla ya neno lolote la kompyuta, aliisoma ya kwake na kalamu nyekundu mkononi, akakata majina mengi kuliko aliyoyaacha.

"Mwanangu, huyu nani kamweka hapa?"

"Ni wewe mama, uliandika barua pepe mwaka juzi."

"Basi namtoa mimi."

Lililobaki ni mimi mwenyewe. Anayegawa ruhusa anaweza kujigawia, na hakuna karatasi ya mhasibu inayolionesha hilo. Tulichofanya ni mambo mawili. Paswedi ya akaunti kuu kabisa ya domeni imo kwenye bahasha iliyofungwa, ndani ya sefu ya mkurugenzi, na ikifunguliwa inabadilishwa. Pili, seva ya domeni huandika tukio kila mtu anapoongezwa au kutolewa kwenye kundi la wasimamizi wa domeni. Kuongezwa ni tukio namba 4728, kutolewa ni 4729. Tumeweka programu ndogo inayomtumia mkurugenzi ujumbe kila mojawapo linapotokea, nami siwezi kuuzuia bila yeye kugundua kwamba ujumbe wa majaribio wa kila Ijumaa haujafika. Ujumbe wa kweli wa kwanza ulimkuta saa mbili usiku akila chakula, akanipigia simu papo hapo kutaka kujua ni nani huyo anayecheza na seva yake. Nilikuwa ni mimi, namtoa fundi wa nje aliyekuwa amemaliza kutuwekea mfumo wa mahesabu.